Vioo vya rangi vya Mjomba: shajara ya karakana ya nyumbani, Walukuba, Jinja

Ninaandika shajara hii kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanza kazi ya vioo vya rangi nyumbani bila kupoteza fedha tulizopoteza sisi. Fundi ni mjomba wangu. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio hapa Jinja, na kazi ya redio ilipopungua akabaki na mikono isiyojua kukaa bure. Mimi ni mpwa wake. Nafanya kazi Kampala, na mwisho wa wiki napanda taksi kwenda Walukuba. Huko natunza daftari la hesabu, natafuta wateja na kuandika yaliyotokea. Bei zote ni shilingi za Uganda, kama tulivyozilipa.

Hatua za kawaida zina maelezo kila mahali, kwa hiyo nitazipita mbio: unachora, unakata kioo kwa kufuata mchoro, unasaga kingo, unazungushia kila kipande utepe wa shaba wenye gundi, unavipanga mezani, kisha unalehemu maungio mbele na nyuma. Utepe wa shaba ndio uliotumika kwenye taa za karakana ya Louis Comfort Tiffany kule New York mwishoni mwa karne ya 19. Madirisha ya makanisa ya kale ya Ulaya yameshikwa kwa mikanda ya madini ya risasi yenye umbo la herufi H. Tulichagua utepe kwa sababu moja: kazi yake ni lehemu tupu, na Mjomba amelehemu maisha yake yote. Tuliamini nusu ya ufundi anayo tayari. Imani hiyo ndiyo iliyotugharimu kwanza.

15 Septemba 2024: sanduku

Nyumba moja ya zamani ilibomolewa mjini, na msimamizi wa wabomoaji akampa Mjomba sanduku la vioo vidogo vilivyokuwa juu ya milango: kijani, rangi ya asali, buluu iliyokolea, na vyekundu vichache. Vipande 41, vingi vikiwa na rangi ya mafuta iliyokauka kwenye kingo.

Siku ya Idi, mwezi wa nne, tulikuwa tumekwenda naye kuswali kwenye Msikiti wa Taifa, Old Kampala. Watu walipokuwa wakipeana mikono, yeye alibaki amesimama akitazama mwanga wa madirisha ya rangi. Hakusema kitu siku ile. Lakini sanduku lilipofika aliviosha vioo vyote kimoja kimoja kwenye beseni, akavisimamisha ukutani kwenye jua, na jioni akanipigia simu kuniuliza utepe wa shaba unauzwa wapi.

Tumenunua kalamu ya kukatia kioo yenye gurudumu dogo la chuma, 18,000. Koleo la kuvunjia kioo, 35,000. Na mzingo wa utepe wa shaba wa mita 33, upana milimita 5.5, 45,000, uliotoka Nairobi kwa basi. Jumla 98,000. Chuma cha kulehemia cha wati 40 na waya wa lehemu alikuwa navyo tangu enzi za kibanda.

Upana wa utepe ni jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Kioo cha milimita 3 kikipewa utepe wa 5.5 kinabakiwa na zaidi kidogo ya milimita moja ya kukunja kila upande, na hapo ndipo lehemu inaposhika. Vipande vinane vya sanduku lile vilikuwa vya milimita 5, na utepe haukuwa na cha kukunja. Tumeviweka kando.

29 Septemba 2024: kukata

Katika vipande 20 vya kwanza, 11 vilivunjika vibaya, vitatu kati yake vyekundu.

Kosa lilikuwa la kurudia mstari. Gurudumu linachana mstari tu juu ya kioo. Kinachokitenganisha ni mkono au koleo. Mjomba alipoona mstari hafifu alipitisha kalamu mara ya pili, na mara ya tatu, akidhani anaongeza kina. Alichoongeza ni nyufa ndogondogo zinazokwenda ovyo, na gurudumu likapata meno. Kalamu ya 18,000 iliisha kazi ndani ya wiki mbili.

Tulichobadili: mstari mmoja tu, kwa mkandamizo usiobadilika, kutoka ukingo hadi ukingo, gurudumu likiwa limeloweshwa tone la mafuta ya taa. Halafu unavunja papo hapo. Mstari mzuri una sauti yake, mlio mwembamba usiokatika kama wa karatasi nzito inayochanwa taratibu. Sauti ikikatika katikati, kioo nacho kitakatika kinapotaka. Mjomba sasa huzima redio anapokata, na kwa mtu kama yeye hilo si dogo.

Kwa kona zinazoingia ndani, usijaribu kutoa pindo lote kwa mara moja. Chana mistari mitatu au minne iliyopishana, kila mmoja ukiingia ndani kidogo kuliko uliotangulia, utoe kimoja kimoja kwa koleo. Na jifunzie kwenye kioo cheupe. Karakana ya madirisha iliyo karibu hutupa masalio kila siku. Tuliomba ndoo nzima, tukapewa bure. Tungeomba ndoo ile kabla ya kugusa vyekundu.

13 Oktoba 2024: lehemu ya redio

Hapa ndipo ujuzi wa zamani ulipotusaliti.

Waya wa lehemu wa redio una utomvu wa msonobari katikati yake. Kwenye redio utomvu huo ni msaada. Kwenye vioo unatoka, unaungua, na kuacha masizi ya kahawia yanayonata pembezoni mwa kila mshono, yasiyotoka kwa sabuni. Tulisugua kipande kimoja kwa spiriti saa nzima. Kinachotakiwa ni lehemu isiyo na kitu ndani, bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, na dawa ya kulehemia unaipaka mwenyewe kwa brashi. Lehemu hiyo inayeyuka kabisa kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi na kuganda upesi, kwa hiyo mshono unatuna vizuri. Gramu 500 tumelipia 85,000.

Kosa la pili lilinishangaza. Vioo vilikuwa vinapasuka wakati wa kulehemu, vinne katika pambo moja, na tukadhani chuma chetu kina moto mwingi. Ni kinyume chake. Chuma cha wati 40 ni kidogo mno: kikigusa shaba na kioo kinapoa, Mjomba anakishikilia hapo hapo akisubiri lehemu iyeyuke, na muda wote huo joto linaingia kwenye sehemu moja ya kioo huku pembeni kukiwa baridi. Ndipo kinapasuka. Chuma cha wati 100 kinayeyusha mara moja na kusonga mbele. Tulinunua kimoja kwa 65,000, na tangu siku hiyo vilivyopasuka kwa joto ni viwili tu.

3 Novemba 2024: dawa ya fundi wa mabati

Dawa ya kulehemia iliyoagizwa ilichelewa njiani. Mjomba akaenda kwa rafiki yake anayetengeneza sigiri na ndoo za kumwagilia, akarudi na chupa ya dawa yao: asidi ya chumvi ambayo ndani yake hutumbukizwa vipande vya zinki kutoka kwenye magamba ya betri za tochi, hadi povu liishe. Kwa mabati inafanya kazi vizuri sana. Kwenye utepe wa shaba lehemu ilikimbia kama maji, na tukafurahi.

Siku ya tatu maungio yote yalikuwa na unga mweupe. Siku ya sita unga uligeuka kijani na utepe ukaanza kubanduka kwenye kioo. Mapambo matano yaliharibika. Si hayo tu: koleo, misumari, hata mkasi wa Mkazamjomba uliokuwa kwenye meza ile ile, vyote vilishika kutu kwa sababu ya mvuke wa ile asidi.

Mawili tuliyaokoa kwa kuyaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha maji yenye magadi ya kuokea, kisha maji safi, na kuyakausha juani. Matatu yalikwenda. Sasa tunatumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya vioo, 38,000 kwa chupa ya mililita 250, na kila kazi inaoshwa siku ile ile inapolehemiwa, hata kama ni usiku. Mkasi mpya ulikuwa 12,000. Mjomba aliulipa mwenyewe.

24 Novemba 2024: milimita sita

Kipande kikubwa cha kwanza, korongo taji wa sentimita 30 kwa 40, vipande 34. Mchoro ulikuwa sawasawa, kila kipande kikilala juu ya mstari wake. Baada ya kuvizungushia utepe havikuingia tena kwenye fremu. Upande mmoja ulizidi kwa milimita sita. Mjomba alianza kusaga kingo za nje, akasaga jioni nzima kwa jiwe la kunolea na maji, na shingo ya korongo ikapinda.

Mkazamjomba ni fundi cherehani. Alikuwa ameleta chai, akasimama mlangoni akitazama, halafu akasema, "Pindo linakula kitambaa. Huu utepe wako nao unakula nafasi, na hukuuhesabu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya vioo viwili kuna tabaka mbili za utepe na upenyo wa lehemu. Kwa kila ungio hiyo ni kama milimita moja, na korongo wetu alikuwa na maungio sita kutoka kulia kwenda kushoto. Mkazamjomba alituonyesha afanyavyo: mchoro unachorwa kwa kalamu yenye unene wa milimita moja, na violezo vya karatasi vinakatwa ili wino wote uondoke. Nafasi ya utepe inakuwa imeshatengwa. Pia alimtaka Mjomba apigilie mbao mbili mezani kwa pembe ya mraba na kupanga vipande kuanzia kwenye kona hiyo. Tangu hapo violezo vyote vinakatwa na yeye. Amesema hatakata bure, na ana haki. Fungu lake limo kwenye hesabu nitakazoziandika mbele.

15 Desemba 2024: taji la korongo, na pambo lililoanguka

Taji lilitusumbua wiki nne. Manyoya ya dhahabu ya korongo ni membamba, na kioo cha upana wa milimita nne hakikubali kukatwa kwa urefu wa sentimita saba; tulivunja vipande 19 vya njano. Jibu lilikuwa kwenye boksi la takataka za redio. Mjomba alifungua transfoma kuukuu, akatoa waya wa shaba, akakata nyuzi 15 na kuzilehemu kichwani mwa ndege kama feni. Kwanza lehemu haikushika kabisa, maana waya wa transfoma umepakwa varnishi. Unakwangua kila ncha kwa wembe hadi shaba ing'ae, ndipo inashika. Ukimtundika dirishani asubuhi, kivuli cha nyuzi zile kinaanguka ukutani kikiwa kimetawanyika vile vile. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Tumeuza mapambo tisa mwezi huu, kwa majirani na wafanyakazi wenzangu. Moja limeanguka. Mteja aliamka akakuta samaki wake wa buluu chini, vipande vitatu, na kile kitanzi cha kutundikia kikiwa bado kwenye msumari na uzi wa utepe umening'inia. Tulikuwa tumelehemu kitanzi kwenye utepe wa ukingoni tu, na utepe hushikwa na gundi, basi. Uzito wote ukavuta gundi. Kitanzi lazima kishuke ndani ya ungio linaloingia katikati ya kazi, lehemu ikifunike sentimita mbili au zaidi. Tulimtengenezea samaki mwingine bila malipo, na mimi nikawapigia simu wale wanane wengine mmoja mmoja. Sita walirudisha, tukabadili vitanzi. Wawili walisema vya kwao viko imara, tuliwafuata majumbani.

12 Januari 2025: risasi na meza ya chakula

Ningeliweka hili mwanzoni kabisa kama ningelijua.

Kwa miezi mitatu Mjomba alifanya kazi kwenye meza ya chakula, ikifunikwa gazeti. Wajukuu wawili, mmoja wa miaka mitatu, wanacheza chini ya meza hiyo. Lehemu ina risasi. Risasi haihitaji kumezwa donge zima. Vumbi la kwenye vidole linatosha, na mtoto mdogo anaweka kila kitu mdomoni. Huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Nilimweleza Mkazamjomba nikiwa na aibu, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma hayo zamani nikayapuuza. Hakunigombeza. Aliondoa meza nje siku ile ile.

Sasa kazi imehamia kwenye banda la nyuma. Kuta za mbao, bati, na dirisha ambalo halifungwi wakati wa kulehemu: 410,000 pamoja na fundi. Sheria ni za Mkazamjomba. Shati la kazi linabaki bandani na linafuliwa peke yake. Hakuna kula wala kunywa ndani. Sakafu haifagiliwi, inafutwa kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio hurusha vumbi. Mikono inaoshwa kwa sabuni kwenye ndoo ya mlangoni kabla ya kumgusa mtoto yeyote. Wajukuu hawaingii.

Wiki hiyo hiyo Mjomba alileta betri mbili mbovu za gari. Alitaka kuyeyusha risasi yake atengeneze mikanda ya H mwenyewe. Nilikataa, na ni mara ya kwanza maishani kumkatalia mjomba wangu jambo. Sahani za betri zimejaa oksidi ya risasi na asidi ya salfa, na moshi wake ungeingia jikoni na kwa majirani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi zirudishe." Nilizirudisha kwa boda jioni ile.

26 Januari 2025

Mashine ya kusagia kingo, yenye kichwa cha almasi na hifadhi ya maji: 480,000. Kazi ya jiwe ya saa tatu sasa ni dakika 25. Maji yasikauke ndani yake. Vumbi la kioo ni hatari kwa mapafu.

16 Februari 2025: hesabu

Niliketi na daftari usiku mzima kwa sababu fedha za mauzo zilikuwa zinapatikana lakini hatukuwa tukiziona. Hizi ni gharama za korongo mmoja wa sentimita 30 kwa 40.

Vioo, pamoja na theluthi inayopotea kwenye masalio: 52,000. Utepe mita 9: 12,300. Lehemu gramu 150: 25,500. Umeme, dawa na sabuni: 4,000. Waya na vitanzi: 2,000. Boksi na karatasi za kufungashia: 6,000. Jumla 101,800.

Tulikuwa tukimuuza kwa 90,000.

Kila korongo aliyetoka alitutoa shilingi 11,800, kabla ya kumlipa mtu yeyote kwa saa 14 za kazi. Tatizo ni kwamba tulihesabu kioo kilichomo ndani ya ndege tu, tukasahau kile kilichobaki chini ya meza, na lehemu tulikadiria kwa macho. Sasa waya wa lehemu unapimwa kwenye mizani ya jikoni tuliyoitenga bandani, kabla na baada.

Bei mpya: gharama 101,800, saa 14 kwa 6,000 kila moja, yaani 84,000, ambayo Mjomba na Mkazamjomba wanagawana kulingana na saa zao. Hapo ni 185,800. Tunauza 220,000, na kinachozidi kinaingia kwenye mfuko wa vifaa na vipande vitakavyovunjika. Nilihofia wateja watakimbia. Baadhi wamekimbia kweli. Tumeongeza mapambo madogo ya 45,000, jani la mgomba na kipepeo, yanayotumia masalio, na hayo ndiyo yanayotoka zaidi.

Watu wananiuliza kwa nini tusitumie chupa za bia, zipo tele na rangi yake ni nzuri. Tulijaribu. Ubavu wa chupa umepinda, na kuunyoosha kunahitaji tanuri na kupoza kwa saa nyingi. Wengine wanataja kazi za Kitengela, karibu na Nairobi. Ni nzuri sana, lakini kioo kile kinene kinachoshikwa kwa saruji ni ufundi mwingine.

16 Machi 2025: fanusi za Ramadhani

Tumetengeneza fanusi 12 za pande sita. Taa ndani ni ya LED ya wati 5. Mshumaa tuliujaribu, ukatia masizi juu na kupasua kioo kimoja. Kwa kuwa watoto watazishika, tumetumia lehemu isiyo na risasi. Ni ghali, gramu 250 kwa 95,000, inataka joto zaidi, na mshono wake hautuni vizuri kama ule mwingine. Mjomba haupendi mng'ao wake. Tumeitumia hata hivyo.

Makosa mawili. La kwanza, mvua zimeanza na unyevu uliingia kwenye mzingo wa utepe uliokuwa wazi. Shaba ilififia ikawa ya kahawia, na lehemu ikawa inajikusanya matone matone badala ya kutanda. Tulisugua kila ungio kwa pamba ya chuma, kazi ya siku mbili. Utepe sasa unakaa kwenye kopo la plastiki linalobana, na kimfuko cha mchele mkavu ndani.

La pili ni umeme kukatika katikati ya kazi, mara nne ndani ya wiki moja, na oda zina tarehe. Mjomba alirudi kwa rafiki yake wa mabati, safari hii akaazima chuma chao cha kulehemia, kile chenye kichwa kizito cha shaba kinachopashwa kwenye makaa. Tulinunua sigiri ya bandani, isiyopikiwa kamwe. Chuma hicho kina nguvu ya kutosha mshono wa sentimita 20, kisha kinarudi motoni. Hatari ni kukisahau: kikiwiva hadi kuwa chekundu, bati la kwenye ncha linaungua na inabidi kukipiga tupa na kukipaka upya. Fanusi tatu zilikamilika hivyo, na huwezi kuzitofautisha na nyingine.

Rangi ya shaba juu ya mishono tunaipata kwa mrututu, yaani chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, uleule wanaouza kwenye maduka ya dawa za kilimo. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, glavu mikononi, kwa brashi kuukuu. Mshono uwe umeoshwa hadi usibaki na dawa hata kidogo, la sivyo unatoka mabaka.

6 Aprili 2025

Fanusi zote 12 zimekwenda kabla ya Idi, 160,000 kila moja. Gharama 87,000 kwa moja, kabla ya kazi. Mkazamjomba amenunua kitambaa cha gauni kwa fedha zake za violezo.

11 Mei 2025: dirisha la hoteli

Hoteli ndogo ya hapa mjini imeagiza dirisha la ngazini, sentimita 60 kwa 90: mto Nile unaotoka ziwani, miamba, ndege wawili. Bei 1,350,000, nusu ililipwa kwanza. Vipande 118. Tulifanya kazi wiki tano. Limewekwa jana, upande wa magharibi. Saa kumi na moja jioni jua liliingia, na ngazi nzima ikawa ya buluu. Mjomba alikaa kwenye ngazi ya chini hadi jua lilipozama.

22 Juni 2025: dirisha limetuna

Meneja alipiga simu, kwa upole, akasema dirisha "lina tumbo". Tulikwenda na uzi, tukauvuta kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Katikati kioo kilikuwa kimesogea milimita 9 kutoka kwenye uzi.

Sababu iko kwenye mchoro, na mchoro ni wangu. Nilitaka mstari wa maji ya ziwa ukatize bila kukatika, kutoka kushoto hadi kulia. Mstari mmoja ulionyooka namna hiyo unakuwa bawaba. Lehemu ni laini, jua la magharibi linaipasha kila jioni, na uzito wa nusu ya juu unakunja dirisha pale pale. Kwa ukubwa ule tulipaswa pia kuweka nondo, na hatukuweka hata moja.

Tulilishusha, likalazwa mezani siku tatu chini ya ubao na matofali kwenye jua, likarudi taratibu. Vioo viwili vilipasuka, tukavibadili. Kisha tulilehemu ukanda mwembamba wa chuma kilichopakwa bati, ukisimama kwa ubavu wake, nyuma ya mstari wa maji wote. Tukaongeza nondo mbili za milimita 8 zinazoingia kwenye fremu ya mbao kulia na kushoto, na dirisha likafungwa kwenye nondo hizo kwa waya wa shaba uliolehemiwa kwenye makutano ya maungio. Kutoka chini ya ngazi nondo hazionekani, maana tumezipitisha nyuma ya miamba. Mstari wa maji nimeuvunja sehemu mbili kwa jiwe na kwa bawa la ndege, vipande saba vikakatwa upya.

Gharama za ukarabati: vioo 74,000, chuma na nondo 58,000, lehemu 51,000, gari la kulibeba mara mbili 70,000, fundi wa fremu 33,000. Jumla 286,000, zote zetu. Meneja alitaka kuchangia usafiri, Mjomba alikataa.

20 Julai 2025

Wiki nne tangu lirudi ukutani. Leo asubuhi tulikwenda wote watatu, Mkazamjomba akiwa na uzi wake wa cherehani mfukoni. Aliushika juu akiwa kwenye kiti, mimi nikaushika chini, na Mjomba akasogea na tochi akipima kwa macho kutoka ubavuni, sentimita baada ya sentimita. Uzi uligusa kioo kuanzia juu hadi chini.

Meneja ameuliza kuhusu dirisha la ghorofa ya pili. Tutalipima tena hili mwisho wa Agosti kabla ya kumjibu.